Mpako Huja Mwisho: Samaki wa Kupaka na Mchicha katika Chajio cha Siku ya Kazi

Samaki wa kupaka ni kitoweo cha Pwani ya Afrika Mashariki ambacho jina lake linaeleza kazi nzima ya mpishi, kwa kuwa samaki hubanikwa kwanza juu ya makaa hadi anapokaribia kuiva, kisha hupakwa rojo zito la tui la nazi, ukwaju na viungo, tena na tena, mpaka rojo hilo lishike kwenye nyama, likauke kidogo na kung'aa. Mazungumzo haya yanakichambua kitoweo hicho kikiwa pamoja na mchicha, na yanakichambua kama chajio, yaani chakula cha usiku, cha siku ya kazi, pale ambapo mpishi amerudi nyumbani jua likizama, watoto wana njaa, na muda uliopo hauzidi saa moja. Watu wengi hukihesabu kitoweo hiki kuwa cha futari, cha wageni au cha siku ya mapumziko, wakidhani kwamba utamu wake unatokana na kukaa jikoni muda mrefu, ilhali unatokana na kufuata mpangilio: samaki hutangulia, mpako huja mwisho, na mboga hutelekwa wakati mpako unapokauka. Anayeuelewa mpangilio huo pamoja na sababu zake anaweza kukiandaa Jumanne kwa wepesi uleule wa Jumapili.

Inafaa kuanza na istilahi, kwa sababu lugha yenyewe imehifadhi sehemu kubwa ya elimu hii. Kitenzi kuchoma ni kipana na hujumuisha hata kutia kitu ndani ya moto, lakini kubanika ni kukiweka kitu kibichi karibu na moto au juu ya makaa, zamani kikiwa kimebanwa kwa kijiti kilichopasuliwa na siku hizi kikiwa kimelazwa juu ya wavu wa chuma, ili kiive kwa joto la makaa bila kulambwa na ndimi za moto. Kitoweo ni chakula kinachosindikiza wali, ugali, mkate au muhogo. Neno mboga lina matumizi mawili, kwa kuwa wasemaji wengi wa bara hulitumia kwa kila kinacholiwa pamoja na ugali, hata nyama na samaki, na ndiyo maana mchicha hapa unaitwa mboga ya majani ili maana isichanganyike. Mpako, hatimaye, ni lile tabaka jembamba la rojo linaloganda juu ya chakula na kukipa mng'ao, na mbinu ya kulifanya inajulikana katika mapishi ya mataifa mengi. Wajapani, kwa mfano, wana teriyaki, neno lililoundwa kwa teri, lenye maana ya mng'ao, na yaki, lenye maana ya kuchoma, na mpako wao hufanywa kwa mchuzi wa soya, sukari na mvinyo mtamu wa mchele uitwao mirin. Kijapani kimekiita chakula hicho kwa sura yake kinapokuwa tayari, na Kiswahili kimekiita chake kwa kitendo cha mkono wa mpishi.

Ulaji wa samaki pamoja na mboga una historia ndefu katika Pwani hii. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja nchini Moroko, alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa, na katika masimulizi ya safari zake ameeleza kwamba watu wa Mombasa walikula zaidi ndizi na samaki, na kwamba Mogadishu wali uliopikwa kwa samli uliliwa pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Ukwaju, unaoupa mpako ukali wake, hutokana na mti ambao asili yake ni Afrika ya kitropiki, ijapokuwa Waarabu waliuita tamr hindi, maana yake tende ya Kihindi, na jina hilo ndilo lililozaa majina yake katika lugha nyingi za Ulaya. Pilipili kali, kwa upande mwingine, asili yake ni bara la Amerika, na haikufika katika Bahari ya Hindi ila baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, ikaenezwa na Wareno, ambao Vasco da Gama aliwafikisha Mombasa na Malindi mwaka 1498. Kwa hiyo kitoweo kinachoonekana leo kuwa cha asili kabisa kimeundwa na vitu vilivyokutana kwa nyakati mbalimbali, na mpishi anayekibadilisha kidogo ili kilingane na jiko lake na saa zake anaendeleza desturi ileile iliyokileta hadi hapa.

Uchaguzi wa samaki ndio hatua ya kwanza, nao hutegemea zaidi kile ambacho bahari imetoa kuliko kile ambacho mpishi ametamani. Wanaofaa kupakwa wakiwa wazima ni changu, tasi, ambaye katika Pwani ya Kenya huitwa tafi, kolekole wadogo na chewa wadogo, ilhali nguru na jodari hufaa zaidi wakikatwa vipande vinene. Kibua, ambaye bei yake kwa kawaida ni nafuu, hupendeza sana juu ya makaa kwa sababu ana mafuta yake mwenyewe. Katika majira ya kaskazi bahari hutulia na vyombo vidogo huenda mbali, na katika majira ya kusi upepo na mawimbi huwazuia wavuvi wengi wadogo, samaki wakaadimika na bei ikapanda. Mpishi wa siku ya kazi hana budi kuyafuata majira hayo, na familia ya watu 4 inatoshelezwa na samaki wa kilo 1 hadi kilo 1 na robo, awe mmoja au wawili.

Ugumu wa mpishi huyu ni kwamba samaki huuzwa kwa mnada asubuhi, katika masoko kama Feri jijini Dar es Salaam au Malindi mjini Unguja, na yeye hupita kwa muuzaji jioni, baada ya saa 8 au 10 za joto. Dalili za samaki mzuri zinajulikana: macho yake ni maangavu na yamejaa, matamvua yake, yaani viungo vyake vya kupumulia, ni mekundu, nyama ikibonyezwa kwa kidole hurudi, na harufu yake ni ya bahari. Zaidi ya dalili hizo, ni muhimu kujua kama samaki alilazwa kwenye barafu tangu alipotoka chomboni, hasa ikiwa ni jodari, nguru au kibua, kwa sababu nyama ya samaki hawa ikikaa katika joto bakteria huzalisha ndani yake kemikali iitwayo histamini, ambayo humletea mlaji wekundu wa ngozi, kuwashwa, maumivu ya kichwa na kutapika. Histamini haiharibiwi na moto, wala na ndimu, wala na wingi wa viungo, na kwa hiyo hakuna ufundi wa jikoni unaoweza kurekebisha kosa lililofanyika sokoni. Aliye na jokofu anaweza kununua samaki siku ya mapumziko, akampaa, maana yake akamwondoa magamba, akamtoa matumbo na matamvua, akamwosha, akamgandisha, na asubuhi ya siku ya kupika akamhamishia sehemu ya chini ya jokofu ayeyuke polepole akiwa bado baridi.

Sababu inayomfanya samaki awe chakula cha haraka imo katika maumbile ya nyama yake. Ng'ombe na mbuzi huutumia msuli kubeba uzito wa mwili, na nyuzi zao ndefu zimefungwa kwa tishu ngumu ambayo haiwi laini ila kwa kuchemshwa muda mrefu. Samaki hubebwa na maji, nyuzi za nyama yake ni fupi, zimepangwa katika matabaka, na tishu inayoyaunganisha matabaka hayo ni nyembamba sana, nayo huyeyuka kwa joto dogo, ndiyo maana nyama iliyoiva huachana kwa mapande yenyewe. Joto la nyuzi 63 za Selsiasi katikati ya nyama linatosha kumhesabu samaki kuwa ameiva, na samaki mwenye unene wa sentimita 2 na nusu huhitaji takribani dakika 10 tu. Maumbile hayohayo yana hatari yake, kwa sababu nyama inayoiva upesi hukauka upesi pia, na dakika 5 za ziada, ambazo haziidhuru nyama ya ng'ombe, humfanya changu awe mkavu kama pamba.

Baada ya samaki kuna nazi, na hapa ndipo busara ya upishi wa Pwani inapoonekana wazi, kwa kuwa nazi 2 zinatosha kuhudumia chajio kizima. Nazi hukunwa kwa mbuzi, yaani kile kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno, au hununuliwa ikiwa imekunwa kwa mashine sokoni. Kisha hutiwa kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu na kukamuliwa katika kifumbu, mfuko uliosukwa kwa ukindu au makuti, au katika chujio la kawaida. Linalotoka kwanza ni tui zito, jeupe na lenye mafuta mengi, na hilo huwekwa kando kwa ajili ya mpako. Machicha yaliyobaki hutiwa vikombe 3 vya maji na kukamuliwa mara ya pili ili kutoa tui jepesi, ambalo kikombe kimoja chake huungia mchicha na lililobaki hupikia wali. Mpishi aliyeyachanganya matui haya mawili atapata rojo jepesi lisiloshika kwenye samaki na mboga yenye mafuta kupita kiasi, kwa hiyo utengano huo wa mwanzo ndio unaoamua sura ya sahani ya mwisho. Msikilizaji aliye mbali na minazi, awe Kigali, Maskati au Toronto, anaweza kutumia tui la kopo, akilitumia lilivyo kwa mpako na akilipunguza kwa maji kwa mboga.

Rojo la mpako huandaliwa kwa tui zito, punje 4 au 5 za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi cha sentimita 3 vilivyotwangwa pamoja, nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, pilipili mbichi moja, chumvi, na ukwaju wa kiasi cha yai dogo ulioloanishwa katika robo kikombe cha maji ya moto kisha ukakamuliwa na kuchujwa. Tui hutelekwa kwenye moto wa wastani pamoja na viungo vyote isipokuwa ukwaju, na hukorogwa bila kuachwa mpaka lianze kutokota, kwa sababu tui lililopuuzwa hukatika. Kukatika kwa tui ni kutengana kwa mafuta na maji yake: tui ni maji yaliyojaa matone madogo sana ya mafuta, kila tone likiwa limezungukwa na utando wa protini unaolizuia kuungana na jingine, na joto kali la ghafla huuharibu utando huo, matone yakakutana, mafuta yakapanda juu na chini kukabaki maji yenye chembechembe nyeupe. Mwiko unaozunguka huligawanya joto sawasawa, usiache sehemu yoyote ya sufuria ichemke kupita nyingine. Ukwaju huongezwa mwishoni, tui likiwa limeshakuwa zito, kwa sababu ukali wake nao huiathiri protini na huharakisha kukatika. Baada ya dakika 10 hivi rojo huwa zito kiasi cha kuufunika mgongo wa kijiko, na kidole kikipitishwa juu ya kijiko hicho huacha njia isiyojifunga. Hapo huepuliwa, na sehemu yake, kama theluthi moja, huwekwa katika bakuli safi kwa ajili ya mezani, ili rojo lililoguswa na kijiko kilichomgusa samaki ambaye bado hajaiva lisirudi kwenye sahani za walaji.

Wakati rojo linatokota, samaki tayari yuko motoni. Amekwisha kuchanjwa mikato 3 kila ubavu hadi karibu na mfupa, na kusuguliwa chumvi, ndimu na kitunguu saumu kwa dakika 15, muda unaotosha kuipa nyama ladha bila ndimu kuanza kuilegeza. Makaa yanayofaa ni yaliyokolea, mekundu ndani na yenye majivu mepesi juu, na jiko liwe nje au mahali penye hewa ya kutosha, kwa maana makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo ndani ya chumba kilichofungwa huua. Wavu hupashwa moto na kupakwa mafuta kabla ya samaki kulazwa juu yake, kisha samaki huachwa bila kuguswa dakika 6 au 7, mpaka ngozi ikauke na kujiachia yenyewe kutoka kwenye chuma, ndipo hugeuzwa ubavu wa pili kwa muda kama huo. Anayemgeuza mapema huiacha ngozi kwenye wavu, na samaki asiye na ngozi hana mahali pa kuushika mpako.

Sasa ndipo unapoingia mpako, na sababu ya kuuchelewesha ni ya kikemia. Rojo la nazi lina sukari na protini, na vitu hivyo viwili vikikutana katika joto la takriban nyuzi 140 na zaidi hugeuka rangi kuwa ya kahawia na kutoa harufu nyingi mpya, mabadiliko yanayoitwa mmenyuko wa Maillard kwa jina la mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyeyaeleza mwaka 1912. Maji hayapiti nyuzi 100 yakichemka, kwa hiyo mahali penye umajimaji mwingi hapafiki joto hilo. Samaki aliyepakwa akiwa bado mbichi hutoa maji yake chini ya rojo, rojo likateleza na kuanguka kwenye makaa, na lile kidogo linalobaki huungua kabla nyama haijaiva. Samaki ambaye ngozi yake imeshakauka hulipokea rojo kama ukuta mkavu unavyopokea chokaa. Kijiko kikipita juu ya mikato, rojo hutambaa na kuingia ndani yake, likaanza kutoa povu dogo pembezoni, povu likatulia, na rangi ikahama kutoka manjano hafifu hadi dhahabu, kisha hadi kahawia kwenye kingo za ngozi. Tone linalodondoka kwenye makaa hulia na kupandisha moshi wenye harufu ya nazi iliyoungua, na moshi huo nao humrudia samaki. Dakika 1 au 2 zinatosha kwa kila tabaka, naye hugeuzwa na kupakwa upande wa pili, mpaka kila upande upate matabaka 3. Mkono unaoona haraka ya kupaka tabaka moja nene badala ya matatu membamba utapata rojo lililokauka juu na kubaki bichi chini.

Asiye na jiko la makaa hakosi njia. Jiko la gesi lenye oveni hutoa joto la juu linalofanya kazi ileile, samaki akiwekwa karibu na moto wa juu, na kikaango kizito chenye mafuta kidogo humkausha ngozi vizuri kabla ya kupakwa, ingawa moshi wa nazi utakosekana. Vivyo hivyo, mpishi wa Mwanza au Kisumu aliye na sato wa Ziwa Viktoria anaweza kumpika kwa utaratibu huu bila kubadili chochote, ila azidishe ukwaju na chumvi kidogo, kwa kuwa nyama ya sato ni ya upole kuliko ya samaki wa bahari.

Mchicha umechaguliwa kusindikiza kitoweo hiki kwa sababu ya muda wake. Kisamvu, yaani majani ya muhogo, ni mboga tamu kwa nazi, lakini majani hayo yana viambato vinavyotoa sianidi, sumu ambayo huondolewa kwa kuyatwanga na kuyachemsha kwa muda mrefu, na kufupisha kazi hiyo ni kujihatarisha, kwa hiyo kisamvu kina siku yake. Sukuma wiki, ambayo kwa jina lake tu inakiri kazi ya kuivusha familia hadi mwisho wa juma, inafaa ikikatwa nyembamba. Mchicha huiva kwa dakika 5. Mafungu 4 huchambuliwa, majani na ncha changa zikiwekwa upande na mabua magumu yakitupwa, kisha huoshwa kwa maji mengi mara 3 mpaka mchanga usionekane chini ya beseni. Kitunguu maji kimoja hukaangwa hadi kilegee, mchicha hutiwa na kugeuzwa mpaka unyauke, ndipo kikombe cha tui jepesi na chumvi huongezwa, na sufuria huachwa wazi.

Kuiacha sufuria wazi kuna maana yake. Rangi ya kijani ya majani hutokana na klorofili, ambayo katikati ya umbo lake ina chembe ya magnesiamu, na joto pamoja na asidi huing'oa chembe hiyo, rangi ikageuka kuwa ya zeituni iliyofifia. Mboga yenyewe inapopikwa hutoa asidi kidogo inayopanda na mvuke, na kifuniko huirudisha ndani. Kwa sababu hiyohiyo ndimu haitiwi jikoni bali hukamuliwa mezani, na nyanya, kwa anayeipenda, hukaangwa na kitunguu mpaka ikauke kabla mchicha haujaingia. Wapo wanaotia magadi ili kuilinda rangi, na kweli rangi hulindwa, lakini magadi huiharibu vitamini C na kuyafanya majani kuwa teketeke, na hasara hiyo inazidi faida ya macho.

Vyakula hivi viwili vikikaa katika sahani moja husaidiana ndani ya mwili pia. Mchicha una madini ya chuma, ambayo mwili huyahitaji kwa kutengeneza damu, lakini chuma cha majani hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, na ufyonzwaji wake huongezeka kikiliwa pamoja na samaki na vitamini C ya ndimu. Una vilevile karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya macho na ngozi, nayo huhitaji mafuta ili ifyonzwe, na mafuta hayo yamo katika tui. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzwaji wa chuma, kwa hiyo ni afadhali ingoje kama saa moja, hasa kwa mama mjamzito na binti anayekua. Kiasi nacho kina nafasi yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni yale yanayoganda, ambayo wingi wake wa kila siku haufai kwa moyo. Mpako mwembamba unaong'aa hutumia tui kidogo kuliko mchuzi unaoogelewa na samaki.

Mpangilio wa saa unaweza kuelezwa hivi. Saa 12:30 jioni makaa huwashwa, ukwaju huloanishwa na samaki husuguliwa viungo. Katika dakika 20 ambazo makaa yanakolea, nazi hukunwa na kukamuliwa, mchicha huchambuliwa na mchele huoshwa. Saa 12:50 samaki hulazwa juu ya wavu, rojo hutelekwa, na wali huanza kupikwa kwa tui jepesi. Saa 1:05 mpako wa kwanza hupita, na kitunguu cha mchicha huingia mafutani. Saa 1:20 samaki huepuliwa na kuachwa atulie dakika chache, mchicha hupakuliwa ukiwa bado wa kijani, na sinia huwa tayari.

Ratiba hiyo haiwezekani kwa mikono miwili peke yake, na jambo hili linastahili kusemwa kwa uzito. Katika nyumba nyingi mwanamke aliyeshinda kazini au sokoni ndiye huyohuyo anayekuna, anayekamua, anayechambua na anayegeuza, na ndipo samaki wa kupaka anapoonekana kuwa chakula kisichowezekana siku ya kazi. Kukuna nazi ni kazi ya kijana yeyote, wa kike au wa kiume, kuchambua mchicha ni kazi ambayo mtoto wa miaka 8 huiweza na kuipenda, na kusimama kando ya jiko la makaa na kijiko cha rojo ni kazi inayomfaa baba aliyerudi nyumbani. Kazi hizo zikigawanywa, saa moja hutosha, na elimu ya mpako, ambayo kwa vizazi vingi imepitishwa kwa kutazama mkono wa mwingine, hupata watu wa kuirithi.

Samaki anapofika kwenye sinia, wali upande mmoja na mchicha upande mwingine, kunabaki tendo moja tu, nalo ni kulimwaga juu yake lile rojo safi lililotengwa tangu mwanzo, huku ndimu iliyokatwa ikisubiri mkono wa kila mlaji. Mng'ao unaoonekana wakati huo umetoka katika nazi ileile iliyounga mboga na kuivisha wali, na umepatikana kwa kungoja ngozi ikauke. Familia iliyokula hivyo Jumanne usiku imekula chakula cha heshima, na heshima hiyo haikupaswa kungoja wageni.